Reli ya Uani Temeke

Mwingereza alikuwa bado anatawala nilipohamia Temeke na mume wangu tukitokea Tabora. Yeye alipata ukarani bandarini, na mimi nikawa mke wa karani, kazi ambayo haikunitosha. Sikuwa na la kulalamikia. Nyumba ilikuwa ya bati na sakafu ya saruji, majirani walinipokea, na mwanangu wa kwanza alizaliwa salama. Hata hivyo sikutulia. Nikikaa ndani nataka nje. Nikienda sokoni nataka kurudi kabla sijafika. Treni ya bara ikipiga honi upande wa Barabara ya Pugu, naepua sufuria, nambeba mtoto mgongoni, nakwenda mbio hadi kwenye tuta la reli kuitazama ikipita.

Huko nilimkuta jirani yetu, mzee wa Ujiji aliyewahi kuwa mchochea moto kwenye gari moshi. Alikuja na kigoda chake, akakaa mbali kidogo na reli, akasikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyamaza kwanza. Huyu leo anapumua kama mwenye pumu."

Hakuwa anasema juu ya mtu. Alikuwa anasema juu ya kichwa cha treni, ambacho kilikuwa hata hakijatokea.

Mwenzetu wa tatu alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde aliyeishi Mtoni. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, asiyeharakishwa na lolote. Alifika Dar es Salaam kwa meli kutoka Lindi, na treni hakuwa ameipanda hata siku moja. Lakini aliipenda kuliko sisi. Kila ilipopita aliitazama mpaka moshi wa mwisho utawanyike, ndipo akabeba mzigo wake wa mpingo na kuondoka.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana uani kwa mzee, na hapo ndipo tulipojenga reli yetu. Mume wangu alituokotea bandarini mikanda ya chuma inayofungia marobota. Tukaipigilia juu ya vipande vya fito. Dar es Salaam ilikuwa mlangoni pa bafu, Kigoma ilikuwa kwenye banda la kuku, na kuku hawakuiheshimu. Mzee alikata mabehewa kutoka kwenye madebe ya mafuta ya taa. Mchongaji alichonga kichwa. Mimi nilijenga stesheni kwa mbao za makasha, na kila stesheni ilizua ubishi.

"Dodoma tangi la maji liko huku," nasema mimi.

"Kwako wewe uliyekaa dirishani, mwanangu. Mimi nilikuwa mbele, nakijaza kichwa maji."

Basi tunakumbushana: asali ya Tabora kwenye vibuyu, miwa ya Kilosa, kina mama wanaokimbia na mayai ya kuchemsha juu ya ungo treni ikianza kuondoka. Mchongaji alisikiliza tu. Siku moja mzee alikishika kile kichwa cha mpingo, akakigeuza, akakirudisha.

"Kizuri," alisema. "Lakini kimesimama. Wewe umeiona inapita tu. Nenda ukapande."

"Twende wote, mzee."

Mzee alivuta kigoda, akakaa. Kisha alitueleza kwamba mwaka mmoja wa masika, huko bara, maji yalikuwa yamekula tuta chini ya reli. Dereva alipoona, wamekwisha kufika. "Akaniambia ruka, nikaruka. Yeye alibaki ameshika breki. Mabehewa yote yalisimama; kichwa peke yake ndicho kilichoanguka. Tangu siku hiyo natazama. Kupanda, sipandi."

Tukapanga twende Pugu na kurudi jioni, mimi, mume wangu na mchongaji. Siku yenyewe ikaingia meli, mume wangu akaitwa kazini. "Nendeni tu," aliniambia. "Ukibaki hapa utanichimbia sakafu kwa kutembea." Mtoto nikamwacha kwa mke wa mzee.

Ndani ya behewa la daraja la tatu mchongaji hakukaa. Alisimama dirishani, kiganja amekibandika ukutani, anausikia mtetemo. Mimi niliona miembe na mihogo inarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu nihame moyo wangu ukatulia. Nikaogopa utulivu ule. Nilijua nikiuzoea sitashuka.

Pugu nilishuka. Maziwa yalikuwa yameanza kuniuma, nikajua mtoto analia. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa bado dirishani.

"Kaka, shuka! Inaondoka!"

"Mie siwezi, shemeji."

"Huwezi nini? Mlango huo hapo!"

"Siwezi kushuka. Mwambie mzee nakwenda kuona mwisho wake."

Treni ikamchukua, yeye na patasi zake na shati moja. Nilibaki stesheni nimejaa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa wivu mtupu.

Usiku ule sikuficha. Mume wangu aliniuliza, "Na wewe ulitaka kwenda?"

"Nilitaka."

Alivua viatu taratibu. "Nikipata likizo nitakupeleka," alisema. "Lakini usije ukaniacha stesheni."

Mchongaji alirudi kiangazi kimekwisha, amekonda, amefika Kigoma kweli. Njiani alichongea abiria vijiko na vitana, akalala popote alipokaribishwa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. "Umemwacha mtoto wa watu peke yake Pugu," alisema, akaendelea kukata debe.

 Mchongaji alifungua kitambaa, akapanga vinyago vya watu chini kandokando ya reli yetu: mama aliyeinua ungo dirishani, mpagazi aliyelala juu ya gunia, mpunga bendera wa stesheni anayepiga miayo. Mzee alijitahidi asitazame. Mwishowe akamwokota mama wa ungo.

"Huyu wa wapi?"

"Dodoma."

"Kilemba hawafungi hivi Dodoma."

"Wanafunga, mzee. Nimemwona."

"Marahaba," mzee akasema, na ubishi ukaanza upya.

Desemba mume wangu alipata likizo, tukapanda na mtoto hadi Tabora. Mama alilia kwa furaha, mjukuu akapita mikono ya ukoo mzima. Lakini haukupita muda mrefu, mama akaniuliza mbona kila jioni nasimama mlangoni.

"Nawaza Temeke," nikamwambia. "Sijui wamefika wapi na daraja la Ruvu pale uani."

Alinitazama sana. "Basi si mahali, mwanangu. Ndivyo ulivyo." Akanisukumia ungo wa kunde nichambue. Nilizichambua nimesimama.