Mtihani wa Marudio, Maposeni

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya uuguzi nilipoambiwa kuwa sijui kumuuliza mtu hali yake. Aliyeniambia ni mwalimu wetu wa takwimu, kwenye kozi ya utafiti wa afya ya akili tuliyosomea Songea mjini. Alisema sisi wauguzi tuna ugonjwa wa kuchangia mazungumzo. Mgonjwa akisema hapati usingizi, tunampa pole, tunamuuliza watoto wako wapi, tunamshauri maji ya moto, na data imeshaharibika. Mtafiti anasoma swali kama lilivyoandikwa, anaweka alama, anakwenda kwenye linalofuata. Huruma, alisema, iachwe kwenye bodaboda iliyokuleta.

Nikayapokea hayo kwa moyo wote, kwa sababu yalikuwa na maksi. Nina kasoro hiyo tangu shule ya msingi: nikionyeshwa kitu chenye maksi, akili nyingine zote zinaniruka. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa nasoma dodoso kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa niwe mfano. Nilisimama vizuri kabisa.

Zoezi la mwisho lilikuwa kupima kama dodoso letu linaaminika. Kila mmoja alipewa nyumba zake katika kijiji cha Maposeni, akawaulize watu maswali tisa kuhusu huzuni, usingizi na kukata tamaa. Baada ya wiki mbili angerudi kuwauliza watu wale wale maswali yale yale. Majibu yakifanana, dodoso ni zuri, na mwanafunzi naye ni mzuri. Tulichora hadi michoro ubaoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mtu wa Maposeni atamwelewaje mgeni aliyekuja na karatasi, akaandika, akaondoka, kisha akarudi na karatasi ile ile.

Nyumba yangu ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mjane, aliyemzika mwanawe wa mwisho msimu wa palizi. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akanivutia kigoda, nikajieleza kama nilivyofundishwa: mimi ni mwanafunzi, hii ni kazi yangu ya chuo, na hapa hakuna jibu sahihi wala la kukosea. Halafu nikatoa penseli.

Alinijibu kwa ukweli ambao sikuustahili. Hapati usingizi karibu kila siku. Chakula anakitazama tu. Tulipofika swali la mwisho, lile la kuwaza kwamba heri angekufa, aliacha gunzi likamponyoka mkononi, machozi yakamtoka, akasema, "Kila siku, mwanangu." Nami nikaweka alama kwenye kisanduku cha mwisho upande wa kulia. Kwa kuwa kanuni ilitaka hivyo, nikampa karatasi ya kwenda zahanati, nikamshukuru kwa muda wake. Naona aibu kuiandika sentensi hiyo. Nilikuwa nimetumia dakika kumi na mbili, na darasani nikasifiwa kwa kasi.

Wiki mbili baadaye nilimkuta amevaa kitenge cha kanisani. Uani pamefagiliwa, mahindi yamesogezwa pembeni, kigoda kinanisubiri. Nikasoma swali la kwanza.

"Hapana kabisa," alisema, hata sijamaliza.

La pili, hapana kabisa. Usingizi? "Nalala sana." Chakula? "Nakula mpaka nasaza." Alikaa wima, mikono magotini, akayamaliza yote tisa bila kukwama hata mara moja. Kisha akanitazama usoni.

"Haya, sasa tumefaulu?"

Nikamuuliza tumefaulu nini.

"Mwanangu, si ulisema ni kazi yako ya chuo? Nilipoambiwa unarudi na maswali yale yale nikajua wamekurudisha. Majibu yangu yale ya kulialia ndiyo yaliyokuangusha. Nikasema, mtoto wa watu amehangaika kusoma, asije akafeli kwa sababu yangu. Nimejiandaa wiki nzima. Hata ile karatasi ya zahanati nimeiweka kwanza, nitakwenda tukishafaulu."

Ningependa kusema moyo uliniuma pale pale. Kwanza nilikasirika. Nyumba zangu nyingine zilikuwa zimenyooka, majibu yamefanana, na huyu mama mmoja alikuwa anakuja kunibomolea namba yangu ya kufanana kwa majibu. Kanuni ilisema niandike kilichosemwa. Kila "hapana kabisa" ni sifuri, nikaandika sifuri nane kwa mwandiko safi, na kwenye ya tisa mkono ukagoma. Kwa dodoso langu, mtu huyu alikuwa amepona.

Nikaliweka chini. "Mama, pole na msiba," nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ngeni. Nikavuta ungo, tukapukuchua mahindi, nikamuuliza mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna swali hilo kwenye karatasi. Alinieleza mpaka gunia likakaribia kujaa, kisha nikamwomba twende zahanati siku ile ile, akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Tabibu wa zahanati alikuwa mtu mpole. Alitukaribisha, akamsikiliza kidogo, akafungua droo, akatoa karatasi. Niliitambua kabla hajaigeuza. Ilikuwa na maswali tisa, yale yale, na kwa yule tabibu ndiyo njia ya kujua aanze wapi kumtibu mtu. Mama naye akaitambua. Mgongo ukanyooka tena, mikono ikarudi magotini, akanitupia jicho, na mimi nikajua sifuri zinakuja.

Lakini aliinua mkono.

"Daktari, samahani. Huyu mwanangu atoke nje kwanza."

Tabibu akauliza kuna nini.

"Nataka kusema kweli," alisema. "Nikisema akiwa hapa, atafeli tena."

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Niliowakuta kwenye foleni walianza kulalamika kwamba anachelewa kutoka, na baadaye wakachoka kulalamika, na mlango ulikuwa bado haujafunguliwa.