Moshi wa Mashine ya Baba

Sisi tuliokulia Tiwi wakati nyumba za wageni bado zilikuwa za kuhesabika, hatukuamshwa na simu. Tuliamshwa na baba akivuta kamba ya mashine ya kukata nyasi. Ilikataa, ikakataa tena, halafu ikakohoa na kunguruma, na mama akasema kutoka jikoni, "Haya, na nyinyi amkeni, mwenzenu keshaamka." Kwetu mashine ile ilihesabiwa kama mtoto mmoja zaidi, tena yule anayependwa kuliko wengine. Sisi tukipata homa tulipewa mwarobaini na kuambiwa tunyamaze, lakini mashine ikikohoa tu, baba haendi kazini.

Kazi yake ilikuwa kukata nyasi kwenye bustani za wageni, kuanzia kwetu Tiwi mpaka Diani. Mashine aliachiwa na mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja. Jioni baba alirudi ananukia majani mabichi na petroli, na harufu hiyo iliingia mlangoni wakati ule ule mama anapoepua muhogo wa nazi. Mpaka leo nikipita mahali wanapokata nyasi, njaa hunishika. Wanangu huniona kichekesho, na siwalaumu, maana wao hawajui njaa inayonukia petroli.

Tulikuwa na mchezo wetu ambao sijauona kwa watoto wengine. Baba akiwasha mashine uani, sisi tunajipanga barazani na kila mmoja anataja rangi ya moshi na ugonjwa wake. Moshi mweusi, mashine imelishwa petroli kupita kiasi au chujio la hewa limeziba. Moshi mweupe mwembamba unaopotea upesi, umande wa asubuhi. Moshi wa buluu, wenye harufu nzito inayokwama kooni, ndio uliotunyamazisha, kwa sababu huo ulikuwa wa oili inayoungua. Baba alisema mashine ya namna hiyo inajila yenyewe. Aliyepatia alipewa ukoko wa wali wa usiku, na mdogo wangu Mwanaidi, aliyekuwa na pua kuliko sote, alikula ukoko mpaka tukamchukia.

Watunza bustani wenzake walimletea mashine zao zilizokuwa zikitoa moshi wa buluu. Baba hakuzifungua. Mtu akishaketi na kupewa kahawa, swali la kwanza lilikuwa, "Ililalaje?" Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alisema mgonjwa huulizwa alilalaje kabla ya kushikwa, na mashine nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu ikilazwa upande usiofaa oili huhama mahali pake, ikaingia kwenye chujio la hewa na kwenye chumba cha moto, na siku ya kuwashwa huungua yote. Baada ya hapo aliuliza moshi unatoka lini. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakoma, huyo haumwi sana. Ukitoka mchana kutwa na kuzidi mashine ikikutana na nyasi nene, basi ringi zinazoizunguka pistoni zimelika, na hapo baba alitikisa kichwa kama anayepewa habari ya msiba.

Alikuja mzee mmoja jirani yetu ambaye mashine yake ilifuka moshi hata kuku wakakimbia uani. Baba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena. Mzee yule aliipenda mashine yake hivi kwamba kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, aliiongezea oili kidogo, kama mtu anayetoa sadaka. Sasa ilikuwa imejaa mpaka kooni. "Kilichozidi huungua, mzee mwenzangu," baba alimwambia, "hata mapenzi." Mama alilisikia neno hilo akiwa jikoni, na kwa miaka mingi kila baba alipoomba mchuzi zaidi alijibiwa vivyo hivyo.

Lakini kumbukumbu inayonishika zaidi ni ya mwezi wa Shaabani, ambao wazee wetu waliuita Mlisho. Kabla Ramadhani haijaandama, baba alikwenda makaburini na mashine yake, na sisi nyuma na majembe na mafyekeo. Mashine haikupita juu ya kaburi la mtu hata siku moja. Ilipita njiani na pembezoni, na juu ya makaburi tuling'oa nyasi kwa mikono, huku baba akituambia huyu ni nani kwetu na yule ni nani. Makaburini tulifundishwa kwamba maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso wake ukielekea kibla. Usiku mama alikuja kutugeuza mmoja mmoja mkekani, ubavu wa kulia, na kutufunika. Hivyo ndivyo tulivyojifunza kulala, na nikiwa mtoto sikuona ajabu yoyote kwamba waliokufa nao wanalala kama sisi.

Baba alitutoka mwaka jana baada ya Idi ya kuchinja. Sina maneno mengi ya hapo. Nilikuwa nyumbani kwangu Msambweni, nikafika Tiwi wameshamkosha. Kilichoniumiza kuliko vyote ni asubuhi ya pili yake, kuamka katika nyumba ile na kusikia kuku tu.

Mwaka huu Mlisho ulipoingia mama alinipigia simu. Macho yake sasa hayaoni zaidi ya vivuli, lakini sauti yake ni ile ile. "Mwanangu, kaburi la baba yako limeota nyasi, nimeambiwa. Sitaki akatiwe na mashine ya kukodi. Nataka akatiwe na yake. Nataka niisikie." Nikaelewa kwamba hilo ndilo lililobaki katika mambo anayoyataka duniani, na nikaogopa, maana mashine haikuwahi kuwashwa tangu afe mwenyewe.

Nilipofika Tiwi nilimkuta Hamisi, mtoto wa Mwanaidi, anayefanya kazi hotelini Ukunda, ameshaitoa uani. Kijana mzuri, mwenye adabu, ila ukimwuliza njia ya msikitini anaiuliza simu kwanza. "Shikamoo, mama mkubwa." Nikamwitikia. Akavuta kamba. Ilikuwa nzito, akavuta tena kwa nguvu zake zote, ikashika. Uani kukawa buluu. Ilikuwa buluu nene, ya kukwama kooni, imeziba mpaka mnazi wa jirani hauonekani. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao barazani. Alipoisikia aliinua kichwa akatabasamu, halafu moshi ukamfikia. Alijua kunusa kuliko sote, hata kuliko Mwanaidi. Tabasamu likaondoka. "Inajila," alisema.

Hamisi aliizima, akatazama simu yake kidogo, akasema, "Ringi zimekwisha hizi, mama mkubwa. Engine imekufa. Siku hizi kuna za betri, hazina moshi wala kelele."

"Bibi yako anataka kelele," nikamwambia.

Nilikaa chini kando ya mashine nikataka kulia, na nafikiri nililia kidogo. Mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, ninalilia chuma. Nilijua Hamisi huenda anasema kweli, maana mashine ilikuwa kongwe na ringi hulika. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna aliyeuliza swali la kwanza.

"Mama," nikasema, "baada ya matanga, mashine mliiweka wapi?"

"Chumbani kwake. Nilisaidiwa na watoto wa jirani. Nikaifunika kikoi chake."

"Ililalaje?"

Mama alinigeuzia uso, kana kwamba namwuliza jambo asilotarajia kuulizwa na mtu mzima. "Niliilaza vile nilivyowalaza nyinyi. Ubavu wa kulia. Nikaielekeza kibla."

Upande wa kulia wa mashine ile ndiko iliko kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, na chujio la hewa liko papo hapo. Miezi yote ile oili ilikuwa ikishuka taratibu kuelekea huko. Hamisi naye aliijua mashine kiasi cha kuelewa. Nikamwona anafungua kinywa. Nikamtazama, akakifunga, na tangu siku hiyo ninamheshimu.

"Ililala vizuri, mama," nikasema.

Nikatoa chujio. Lilikuwa limelowa oili chepechepe. Nikalifua kwa sabuni ya kufulia na kulianika kwenye ukuta wenye jua. Plagi nayo nikaifungua, nyeusi na mbichi, nikaifuta kwa kitambaa, na Hamisi akavuta kamba tundu lake likiwa wazi mpaka oili iliyojificha ndani ikatemwa. Nikapima oili kwa kijiti, nikaongeza hadi alama na si zaidi. Chujio lilipokauka tukarudisha kila kitu. Iliposhika, moshi wa buluu ulitoka tena. Sikuizima, nikayaacha mabaki ya oili yaungue. Ukapungua, ukawa uzi, ukakoma. Mama alivuta pumzi kwa pua, polepole, akasema, "Alhamdulillahi. Haya, mwenzenu keshaamka."

Tulikata njia nzima ya makaburini na pembezoni mwake, na juu ya baba tuling'oa kwa mikono. Mama aliketi kwenye mkeka kando ya kaburi, mkono mmoja umegusa udongo, akisikiliza mashine ikienda na kurudi mpaka kazi ikaisha. Nilipoizima alisema nilichokuwa nikikitarajia na kukiogopa: "Kairudisheni mkailaze vile vile."

Tulipofika nyumbani nikaiweka mashine juu ya gunia, nikamimina petroli yote kwenye dumu na oili yote kwenye kopo, hadi tone la mwisho, na chujio nikalitoa nikalifunga peke yake. Hamisi akaninong'oneza, "Sasa mwakani?" Nikamwambia mwakani tutaitia nyingine. Tukaipeleka chumbani, tukailaza ubavu wa kulia, na mama mwenyewe akapapasa mpaka akakipata kikoi akaifunika.

Zamani zetu kitu kikiharibika kiliulizwa habari zake. Leo kinaulizwa kingine dukani. Nyumba za wageni zimefika hadi mlangoni kwetu Tiwi, bustani zao zinakatwa na mashine zisizo sauti, na watoto barazani hawajui rangi ya moshi wowote. Hata salamu zimefupishwa. Vijana wananipita na "niaje" yao, nami ninaitikia, kwa kuwa si kosa lao.

Mimi nimebaki na mtu mmoja tu wa kumwuliza kwa ile salamu ya kwetu. Kila asubuhi, kabla ya chai, nampigia simu mama Tiwi na kumwuliza alilalaje. Hunijibu kwa sauti ambayo kila siku inashuka kidogo: "Ubavu wa kulia, mwanangu."