Janet Akataa Kulitubia Hando

Jumapili kumi na moja Janet alikaa benchi la nyuma, lile la karibu na mlango, ambalo kanisani kwao Muyeye kila mtu anajua ni la nani. Ni la waliotengwa. Ukikaa pale huimbi kwaya wala huigusi meza ya Bwana. Kutoka pale kuna njia moja tu: usimame mbele ya watu, useme nimekosa, wazee wakuwekee mikono.

Janet hakuwa na nia ya kusema hivyo.

Kosa lake lilikuwa hando. Mamake alipofariki kule kijijini, Janet alilivaa hando la marehemu, ile sketi nyeupe ya marinda tele, akakaa nalo siku zote za matanga kama binti yeyote wa Kigiriama. Mama mwenyewe alikuwa amemwagiza: "Nikifa uvae hando langu, watu wajue niliacha binti." Mtu akapiga picha kwa simu. Picha ikatembea mpaka ikamfikia mzee Mwambire, mkuu wa wazee wa kanisa. Mwambire hakuuliza, wala hakubisha hodi kwa mtu. Jumapili iliyofuata alilisoma jina la Janet madhabahuni: amerudia mambo ya mizimu.

Mwingine angehama. Makanisa Malindi hayakosekani. Janet akaja kila Jumapili, tena wa kwanza kufika, akakaa benchi lake mgongo wima kama mtu aliyetunukiwa.

Mambo yakazidi uzito pale bintiye Whitney, wa miaka kumi na minne, alipowekwa miongoni mwa watakaobatizwa. Sheria yao ni kwamba mzazi aliyetengwa hasimami na mwanawe. Rafiki ya Janet, Mumbua wa kwaya, akamfuata sokoni, maana Janet ni mama karanga, anakaanga samaki na kuuza.

"Dada, sema maneno mawili tu yaishe. Ulimi hauna mfupa."

"Nikisema, nitakuwa nimemwomba Mungu msamaha kwa kumzika mamangu."

"Lakini utasimama na mtoto!"

"Nitasimama naye nikiwa mwongo. Hebu geuza hao vibua, wanaungua."

Mumbua akageuza, anasonya. "Wee Janet, kichwa chako kingekuwa nazi, mbuzi ya kukunia ingekatika meno."

"Mwambie mzee Mwambire aje. Kitabu anachokishika yeye ndicho ninachokisoma mimi. Ndugu yako akikosa, mwendee, wewe na yeye peke yenu. Yeye alinijia lini?"

Mumbua akazifikisha salamu, na chumvi juu. Jumatano mzee akatokea pale sokoni na wazee wawili nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tumekuja ili…"

"Umekuja wewe, mzee wangu. Hao mashahidi ni hatua ya pili, na ya kwanza uliiruka. Wazee, karibuni samaki. Kaeni pale na Mumbua."

Wale wawili wakatazamana. Harufu ya ndimu na pilipili ikawaamulia. Mwambire akabaki peke yake mbele ya karai.

"Wewe mtoto una kiburi."

"Nina swali. Hando lina dhambi gani? Niambie, nitubu leo, papa hapa."

Samaki wakageuzwa, wakaopolewa, wengine wakatiwa. Ndipo mzee akasema, kwa sauti ambayo Janet hakupata kuisikia madhabahuni:

"Mamangu alipotaka kubatizwa, mimi ndiye niliyemwambia avue lake. Nilikuwa kijana, nimeokoka juzi, najua kila kitu. Alilia. Alibatizwa amevaa gauni la kuazima, na lile hando nikalichoma moto. Sasa ukiniambia halina dhambi, mimi nilifanya nini?"

Janet akamhurumia, tena sana. Lakini hakulegeza.

"Pole, mzee wangu. Hilo ni lako. Usinitwike mimi."

Mwambire akaondoka bila kuonja samaki.

Jumapili ya ubatizo ikafika, na hakuna aliyejua wazee wameamua nini. Mchungaji Nicholas akaita, "Whitney! Nani anasimama na mtoto huyu?"

Janet akainuka kule nyuma, akapita katikati ya kanisa, hatua zake zinasikika. Mzee mmoja akanyanyuka amzuie. Mwambire akamvuta shati.

"Mwache apite."

"Ni mimi," Janet akasema alipofika. "Mamake."

Maji yakamwagwa, vigelegele vikapigwa. Mchungaji, uso umemkunjuka kwa furaha, akamwonyesha Janet kiti cha mbele. "Kaa hapa, mama. Yamekwisha."

"Hayajakwisha, baba mchungaji. Jina langu lilichafuliwa hapa, kwa sauti. Lisafishwe hapa, kwa sauti. Mpaka siku hiyo mtanikuta kule."

Akarudi benchini kwake. Whitney, nywele zinachuruzika maji, akamwangalia mchungaji, akamwangalia mamake, kisha akamfuata. Kwaya ilikuwa imefungua vinywa kuanza wimbo, ikavifunga.

Maana mzee Mwambire alikuwa amesimama, ameishika meza kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," akasema, "kabla ya Janet, nina neno juu ya mamangu."