Betri Iliyochagua Siku za Wagonjwa

Mjini Damanhuri, nyuma ya maghala ya zamani ya pamba, yuko fundi umeme wa magari aitwaye Bayumi. Watu humsifu na kumchoka kwa jambo lile lile: hatibu ugonjwa asioujua. Ukimpelekea betri iliyokufa, hakuuzii mpya. Anakuketisha kwenye kigoda na kuanza kukuhoji. Gari lililala wapi? Nani alilifunga milango? Mvua ilinyesha? Wenye haraka huondoka kwa hasira, wakauziwa betri mpya kwingine, na baada ya wiki mbili hao wanarudi na vichwa chini. Bayumi hawacheki mbele yao. Anangoja afike nyumbani, awacheke pamoja na mkewe.

Kazi aliijulia jeshini, na hadi leo chombo anachokiamini kuliko vyote ni balbu ndogo yenye nyaya mbili. Gari likishazimwa kila kitu, anafungua waya mmoja wa betri na kuiweka ile balbu katikati. Ikiwaka, ujue kuna kitu kinakunywa umeme kwa siri. Isipowaka, gari limelala kweli.

Majira ya baridi yaliyopita, Jumapili moja, aliletewa kesi iliyomkosesha raha. Mwenye gari alikuwa Shukri, dereva wa teksi aliyeirithi kwa baba yake.

"Fundi, betri yangu ina akili," Shukri alisema, hata salamu hajamaliza.

"Afadhali yako. Wengi wanaokuja hapa, wao wenyewe hawana."

"Sikutanii. Inakufa Jumamosi, Jumatatu na Jumatano. Siku nyingine inawaka vizuri tu. Mwezi wa pili huu."

Bayumi akaacha kufuta mikono. Betri isiyojua kusoma ingewezaje kujua siku?

Akauliza siku hizo zina nini. Shukri akamweleza kwamba ndizo siku anazowachukua wagonjwa watatu wa figo, alfajiri, kuwapeleka kwenye mashine ya kusafishia damu. Kila mmoja ana saa yake, na ukichelewa, mashine haikungoji. Jana yake gari lilikataa kabisa. Mpaka majirani waamke walisukume, Bi Ihsani, mwalimu mstaafu, alikuwa amekwisha kupoteza nusu ya muda wake. Kufikia jioni miguu ilimvimba na pumzi ikawa ya kukatika.

"Ikifa tena mara moja tu, nawaambia watafute gari jingine," alisema Shukri. "Siwezi kubeba roho ya mtu shingoni."

Maneno hayo yalimkaa Bayumi vibaya, maana alimjua Bi Ihsani. Mama huyo anakaa ghorofa ya tatu, na Shukri ndiye humteremsha ngazi akiwa ameketi kwenye kiti. Dereva mwingine wa kufanya hivyo alfajiri, kwenye baridi ile, angetoka wapi?

"Mwenye duka la mboga anasema ni jicho la hasidi," Shukri aliongeza. "Nimetundika shanga mbili za buluu."

"Basi hilo jicho lina kalenda. Niachie gari."

Bayumi akaweka balbu yake. Giza. Akapima chaji, ikawa safi. Akachomoa fyuzi moja moja na kuzirudisha, akagusa kila waya, akalala chini ya usukani mpaka shingo ikamuuma. Hakuna kilichokunywa. Betri yenyewe haikuwa kijana, lakini haikuwa ya kutupwa. Gari likalala karakana, na Jumatatu alfajiri likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Shukri alifurahi. Bayumi hakufurahi hata kidogo, kwa kuwa hakuwa ametengeneza chochote. Kama halikufa kwake, basi linakofia ni nyumbani.

Jumanne baada ya sala ya alasiri akaenda huko kwa miguu. Teksi ilikuwa imeegeshwa chini ya dirisha la mama yake Shukri, Hajati Widadi. Bayumi akaizunguka mara tatu, akachungulia hata chini kuangalia kama kuna jirani aliyejiungia waya. Hakukuwa na kitu. Shukri alikuwa ameenda kununua mikate, na Hajati, aliyekuwa akimtazama fundi kupitia dirishani, akamwita ndani anywe chai.

"Unalizunguka kama unataka kulioa," alimwambia.

"Nataka kujua nani analala nalo, Hajati."

Mama akacheka, akaingia jikoni. Sebuleni redio ilikuwa ikisoma Kurani kwa sauti ya chini, ikisomea viti vitupu. Bayumi hakuijali. Kwake karakana nayo inasomewa hivyo hivyo. Kila jioni anafunga mlango na kuiachia redio izilinde bisibisi mpaka asubuhi. Nani mjini asiyefanya hivyo? Akatia vijiko vitatu vya sukari. Alipokuwa akikoroga, mkono ukasimama.

"Hajati, redio hii huizimi?"

"Nyumba isiyosomewa ina usalama gani?"

"Na gari?"

Hajati akaketi. Akavuta ushungi wake mbele kidogo.

"Siku zote, hapana. Ni ule usiku wa kuamkia siku ya wagonjwa. Shukri akishalala natoka na ufunguo wa marehemu baba yake, nawasha redio taratibu, nafunga mlango. Ihsani ni rafiki yangu toka utoto, Bayumi. Nilitaka akipanda akute gari lina baraka."

Hapo kila kitu kikajipanga chenyewe. Redio ile ilikuwa ikiwaka bila ufunguo wa gari kuzungushwa, na chini ya kiti Shukri alikuwa amefunga kikuza sauti kikubwa cha kupigia muziki wa harusi, kinachokunywa umeme hata redio ikinong'ona. Usiku wa baridi ni mrefu. Kufika alfajiri betri imekauka na redio imejizima. Gari likisukumwa na kuwaka, redio inaendelea kusoma, na Shukri hashtuki, maana ni dereva gani anayeanza siku bila Kurani?

Ila nani aliyeiunga redio ile moja kwa moja kwenye betri? Bayumi mwenyewe. Baba yake Shukri ndiye aliyemwomba, miaka kumi na tisa iliyopita, ili asikilize akingoja abiria. Fundi akaona aibu, aibu hasa, ya kumpandisha joto masikioni.

Hapo hapo Shukri akaingia na mikate.

"Vipi, umeujua ugonjwa?"

Tangu aanze kazi Bayumi hakuwahi kumficha mtu sababu. Akamtazama mama yule, akatazama chai yake.

"Waya," alisema. "Waya wa redio. Niliufunga mimi, na niliufunga vibaya."

"Wako?" Shukri akaitupa mikate mezani. "Wewe uliyenihoji kama polisi? Miezi miwili nasukumwa, Bi Ihsani nusura atufie, kumbe ni kazi yako mbovu? Na unajiita fundi?"

Bayumi akainamisha kichwa. Alikuwa tayari kuyameza yote.

"Mwache," alisema Hajati.

"Mama, huyu—"

"Nimesema mwache. Anayewasha redio usiku ni mimi." Akaeleza yote tena, neno kwa neno, bila kujitetea. Shukri alibaki amesimama, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Mama yake alikuwa tayari amenyanyuka kutafuta viatu.

"Nakwenda kumwambia mwenyewe. Na wewe, fundi, twende. Waya wako, mkono wangu."

Wakapanda zile ngazi pole pole. Bi Ihsani aliwapokea kitandani, miguu juu ya mito. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Widadi," alisema, "yaani ulikuwa unaniombea kwa umeme wa safari yangu?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kwenye mashine ile nakaa saa nne peke yangu natazama dari. Kwani mdomo huna?"

Jioni ile, kabla jua halijazama, Bayumi aliukata waya, akaipitisha redio kwenye ufunguo. Hata hivyo hakupata usingizi, na alfajiri ya Jumatano alikuwa amesimama uchochoroni na balbu yake mfukoni. Shukri akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Wakapanda wawili kumteremsha Bi Ihsani, Shukri mbele ya kiti na fundi nyuma, hawakusemezana mpaka ghorofa ya kwanza, ambapo Shukri alimwambia aangalie kidato kilichovunjika.

Hajati Widadi alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma. Hajui kusoma, na sura za Kurani alizohifadhi ni sita tu, zote fupi. Kando ya mashine ya Bi Ihsani alizisoma kwa moyo saa nne nzima, akimaliza anaanza tena.