Maji ya radieta yalikuwa yanaenda wapi

Leo nimeaibika mbele ya mke wangu Nadine, na alikuwa na uchungu wa kuzaa.

Wiki mbili naongeza maji kwenye radieta kila asubuhi. Chini ya gari sioni hata tone.

Saa nne tukatoka nyumbani Mutakura kwenda hospitali. Kufika Kigobe, mshale wa joto ukapanda kwenye nyekundu. Nikazima gari.

Esansi ya magari imekosekana mjini, taksi hazipiti. Nadine ameuma meno, kapeti chini ya miguu yake imelowa. Nikadhani chupa ya uzazi imepasuka. Nikampigia fundi Hamisi, akaja na pikipiki.

Hakuanza na injini. Aligusa kapeti, vidole vikatoka na rangi ya kutu.

"Apana, hii ni maji ya gari. Radieta ndogo ya shofaje, ile ya kuleta joto ndani, imetoboka, inamwaga ndani."

Nadine akasema polepole, "Nilikwambia kapeti inalowa tangu juma mosi. Ukasema ni mvua."

Fundi akaunganisha mipira miwili ya maji ili maji yasipite huko tena, akajaza. Mi nilikosa pa kutazama.

Tumefika. Mutoto ni musichana, wote wazima.

Nadine bado hajaniongelesha. Wenye ndoa, mi naanza na neno gani?