Wapagazi wa Kanada na Alama Yangu ya Historia

Katika shule ya jioni ya watu wazima, kule Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, mwalimu wetu wa historia aliupenda ubaguzi wa Kanada kupita kiasi. Si kwamba aliufurahia, la hasha, aliulilia. Ubaguzi wa mbali unalilika vizuri. Hapa Uswidi, alisema, tuna bahati: watu wana haya tu.

Nikapewa kazi ya kulieleza darasa habari za wapagazi weusi wa treni za Kanada. Bila alama ya kazi hiyo sipati cheti, na mke wangu alikuwa ameshaalika nusu ya Stockholm kwenye sherehe. Nikasimulia walivyotandika vitanda vya abiria na kung'arisha viatu vyao, kila mmoja akiitwa kwa jina moja lile lile, kana kwamba wote walizaliwa na mama mmoja. Walivyounda chama kwa siri, wengine wakifukuzwa kazi, mpaka wakashinda. Na miongoni mwa walivyovipata kilikuwemo kibao chenye jina la mtu mwenyewe. Mwalimu alitoa machozi ya kujaza ndoo.

Wiki hiyo hiyo akanipigia simu Mganda mmoja, rafiki yangu ninayesoma naye, anayefanya usafi uwanja wa ndege.

"Ndugu yangu, nimefaulu historia!"

"Si hukuja?"

"Ndiyo maana nashangaa!"

Mimi nikaandikiwa kuwa sikuhudhuria. Sasa, yule ana ndevu, na kwa urefu wake anaweza kubadilisha taa za barabarani bila ngazi. Mimi kioo cha lifti kinaniona paji la uso tu.

Kipindi kilichofuata tukamwendea mwalimu pamoja. Akatutazama, akaiva uso.

"Samahanini. Mimi kwa kweli huwa sioni rangi."

"Wala sura, mwalimu," nikasema.

Lakini alama imeshaingia kwenye kompyuta, akasema, na hana hakika nani alizungumza. Labda nirudie?

Hapo akasimama mama mmoja wa Kikongo, ambaye darasani hafungui mdomo hata kwa kupiga mwayo.

"Ni huyu mfupi! Tulimsikia sisi wote!"

Darasa zima likasimama naye. Kisha akanigeukia, akaacha Kiswidi na kusema kwa Kiswahili: "Na weye baba, simama basi akuone!"

"Nimesimama, mama."

Mwalimu akasahihisha pale pale. Yule Mganda, ambaye ufaulu wake ulidumu wiki moja, akaketi akinitazama kama mfiwa.

"Hongera, ndugu," akasema. "Chama chenu kimenifelisha."