Vumbi la Mlangoni Kwangu

Wiki tatu nimeishi kwenye uwanja unaofagiliwa kila asubuhi, halafu ufagio ukifika mlangoni kwangu unageuza.

Sitanii. Kuanzia getini hadi chooni unaona mistari ya chelewa. Mbele ya chumba changu tu, vumbi. Na nyayo zangu zote zimo, za kwenda na za kurudi.

Ngoja niwaambie hasira ilikotoka. Nyumba yangu kule Mutuka ilipigwa X nyekundu ya kubomolewa, barabara inapita. Yule aliyeshika brashi, nakumbuka hadi rangi ya soksi zake. Mimi sisahau. Sheria nimejifundisha mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, na nimewahi kuandamana peke yangu, na bango.

Nikapanga chumba Nangara, nyumba ya vyumba saba. Ya muda tu, mpaka nipate pa kujenga.

Mama Hope alikuwa Arusha kwa binti yetu, analea mjukuu. Angerudi Jumapili. Sikutaka akute mumewe anatengwa kama mwenye upele.

Salamu wapangaji wenzangu walinipa, tena vizuri. Hata chai waliniletea. Lakini zamu ya kufagia ilizunguka vyumba vyote, ikifika kwangu inaruka. Nikachunguza. Mkatoliki yumo, Mlutheri yumo, Mikidadi muuza vitenge ni Mwislamu na yumo. Wote milango yao safi. Mimi tu.

Nikasema poa. Rangi ya X ilishanifukuza, ufagio haunifukuzi. Naondoka mwenyewe.

Jumamosi nikamwita Valence mwenye kigari cha mizigo, Kirikuu, anihamishie Singe. Ila kuondoka kimya sijaumbwa hivyo. Nikapindua ndoo, nikapanda, nikawaita majirani wote.

Nikahutubia. Nikawaambia ubaguzi huanza na ufagio ukaishia na greda. Nikamgusa mkoloni, nikamgusa na mwalimu aliyeninyima dawati darasa la tatu.

Nikiwa juu pale nikaona kitu kilichonichoma zaidi. Wote walisimama palipofagiliwa. Hakuna hata mmoja aliyekanyaga vumbi langu.

Valence akapiga honi. "Mzee, unahama au unahutubia?"

Watu wakacheka. Bibi Xaveria hakucheka. Ni mtu wa Mbulu, mkubwa kuliko sisi sote pale. Akanyoosha kidole ndani kwangu, mlango ulikuwa wazi.

"Baba Hope, yale magunia uliyafungua?"

"Hapana, bibi. Mimi niko hapa kwa muda."

"Sasa si bado uko safarini? Nyayo za msafiri hazifagiliwi. Ukizifagia umemfukuza."

Nikabaki juu ya ndoo kama bendera siku isiyo na upepo.

Akaeleza kwamba ndivyo alivyolelewa, na nyumba nzima imemfuata. Nyayo za mgeni zinalindwa, hazikanyagwi, mpaka afungue mzigo na ashike ufagio mwenyewe.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ukimwambia mgeni afungue mzigo atadhani unataka kuona kilichomo," Mikidadi akadakia. "Halafu usituringie na hiyo 'kwa muda' yako. Hata mimi nilikuja kwa muda. Huu mwaka wa tisa."

Natalia wa chumba cha pili akasema yeye anasubiri nyumba ya mume wake ifike kwenye lenta. Watoto wameshafika sekondari, lenta bado.

Wiki tatu nzima nimeikasirikia heshima.

Nikashuka. Nikakata kamba ya gunia la kwanza, na juu kabisa kulikuwa na nini? Ufagio wangu wa Mutuka. Niliufunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikafagia. Bibi Xaveria akanitazama mpaka unyayo wa mwisho. "Kesho zamu yako," akasema. "Na choo."

Valence alikunywa chai akaondoka na gari tupu, ananung'unika mpaka leo.

Jumapili Mama Hope akafika, akanikuta nimeinama nafagia. Akaniuliza kama sasa hapa ndipo kwetu.

"Kwa muda tu," nikamjibu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ile X sijaisamehe, na zile soksi nitazitambua popote. Tofauti ni kwamba nikienda kudai fidia siku hizi siendi na bango peke yangu. Tunakwenda vyumba saba.

Wewe uliyepanga mahali na mizigo bado umeifunga, unasubiri nyumba ya kudumu ndipo uwe na majirani, utazeeka juu ya magunia. Fungua moja leo. Anza na lile lenye ufagio.